Pete Zinazovuja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Sasa hivi tu Kishindo amenipokonya kalamu, akachora mkwaruzo kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini pembeni, kisha akaitia mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Nimeuacha mkwaruzo wake ubaki. Ana mwaka mmoja na miezi minne. Jina hilo alipewa na babu yake, maana akitembea huamini kama ni miguu midogo ile inayopiga sakafu namna hiyo.

Daftari nimepewa na Baba, huyo huyo babu yake, baba wa mume wangu. Alikuwa anaandikia saa za tanuri, kurasa nane za mwanzo zina namba zake. Ameniambia, "Mama Kishindo, mkono unaoandika kila siku hautetemeki. Na wewe unashika brashi." Mimi shule niliishia darasa la saba, ila mwandiko wangu walimu waliusifu. Basi nitaandika.

Nieleze kazi kwanza, ili siku mwanangu akijua kusoma ajue mama yake alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kufanya nini. Karakana yetu inaunganisha kauri na chuma. Hakuna gundi, hakuna skrubu, ni moto mtupu. Vikishaungana vinakwenda kukaa ndani ya mashine za hospitali zinazopiga picha za mifupa, na humo ndani hewa haitakiwi kuingia hata ya kupuliza unyoya. Ikiingia, mashine imekufa. Mimi naupaka ukingo wa pete ya kauri rangi ya unga wa chuma. Pete inachomwa kwenye tanuri kubwa, rangi inageuka kuwa ngozi ya chuma juu ya kauri. Kisha inawekwa juu ya kikombe cha chuma, katikati unalazwa waya mwembamba wa fedha na shaba, na vyote vinaingia kwenye tanuri la Baba. Waya unayeyuka, unajipenyeza, vinashikana. Hapo ukipiga nyundo kauri itapasuka kabla kiungo hakijaachia.

Baba amesimama kwenye kijidirisha cha tanuri lile miaka ishirini na sita. Kipimo cha joto kipo lakini ni kizee, siku nyingine kinasema uongo, kwa hiyo karakana nzima inafuata jicho lake. Anasema waya ukikaribia unang'aa kama jicho la mtu anayejizuia kulia. Unasubiri. Chozi likitoka na kuzunguka pete nzima, ndipo unapunguza moto. Ni yeye aliyeniombea nafasi, baada ya mume wangu, Baba Kishindo, kwenda machimboni. Nina bahati sana. Nimeandika mpaka mkono umechoka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mvua imeanza. Kishindo aliisimamia mlangoni akaigombeza.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Glavu hazikauki. Tunapewa jozi mbili za pamba kila mwezi, tunafua wenyewe nyumbani, maana pete haiguswi kwa mkono mtupu. Nimezianika dirishani siku tatu, ziko vilevile, zinanuka kama kitambaa cha deki.

Nilimwambia Dada wa Mizani, yule anayetupimia unga wa rangi. Akacheka. "Mdogo wangu, wewe unafua kila siku kama za harusi? Geuza ndani nje. Upande wa ndani haujagusa kitu. Siku mbili upande huu, siku mbili upande ule, mvua ikiisha unafua."

"Msimamizi akiona?"

"Msimamizi anaona glavu nyeupe. Anataka kuona nini tena, roho yako?"

Nimegeuza. Kweli zinaonekana mpya.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Kishindo anakohoa. Ni kikohozi kizito, kinamwamsha, ananiangalia kama mimi ndiye ninayekohoa ndani yake. Zahanati wamempa dawa ya maji na kopo la dawa ya kuchua, ile yenye harufu ya kuingia puani mpaka machozi. Nimchue kifuani na mgongoni asubuhi na jioni. Ukimchua anatulia, anakunja vidole vya miguu. Nampenda mpaka naogopa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mvua. Nimemchua, nikamwacha kwa Bibi wa mlango wa pili, nikaenda kazini.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Leo pete tatu zimevuja kati ya arobaini. Kiungo kikitoka tanurini kinafungwa kwenye mashine inayofyonza hewa, wanapulizia gesi nyepesi kwa nje, na kama kuna tundu mshale unapanda. Tatu si nyingi, lakini mwezi uliopita hatukuwa na hata moja. Msimamizi alizishika mkononi moja moja, akamwangalia Baba.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Kikohozi. Mvua. Pete mbili.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Kumi na moja.

Wamevikata viungo vilivyovuja wakaviangalia kwa lenzi. Kila kimoja kina mahali ambapo waya umepita juu bila kushika, kidogo tu, kama ulimi uliogusa ukaghairi. Msimamizi akasema mbele ya watu wote, "Moto haukufika. Mzee, unafunga mapema."

Baba akajibu, "Sijafunga mapema. Nimeliona chozi likizunguka."

"Umeliona, au umezoea kuliona?"

Watu wakainamia kazi zao. Mimi niliinama kuliko wote. Nyumbani Baba hakulizungumzia. Alimbeba Kishindo mgongoni, akamzungusha chumba kizima akisema, "Tupisheni jamani, lori hili breki hazishiki." Mtoto akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikaenda kuchukua kopo.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Baba amekaa kwenye kijidirisha leo bila kwenda hata chooni. Amechelewa kufunga kwa makusudi, amehesabu kwa sauti mpaka ishirini baada ya chozi kuzunguka. Waya ulizidi ukamwagika nje ya pete, sura mbaya kama mshumaa uliokesha. Na bado tisa zimevuja.

Nilimwona akivua miwani yake ya tanuri, ile ya kioo cha bluu, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Alifanya hivyo mara nne. Sijawahi kumwona akifuta miwani ile. Alikuwa anasema ukiizoesha kufutwa inadeka.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Naandika haraka. Nimefikiri labda ni kauri yenyewe, shehena mpya. Nimemwambia Msimamizi kwa adabu zote. Akaniambia, "Kauri imepimwa. Chuma kimepimwa. Waya umepimwa. Kitu kimoja hakijapimwa miaka ishirini na sita." Alikuwa anatazama kule kwa Baba.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Kishindo amejifunza kusema "hapana". Anaisema kwa dawa, kwa soksi, kwa mvua.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Walimpeleka Baba kupimwa macho. Amerudi na karatasi. Nilimsomea mimi, maana alisema hana miwani ya kusomea, na miwani ilikuwa mfukoni naiona. Imeandikwa macho ni ya umri wake, lenzi ya jicho la kulia imeanza kuwa na ukungu kidogo.

"Kidogo," nikasema. "Baba, wameandika kidogo."

"Waya nao ni mwembamba kidogo, mwanangu."

Nikamwambia itapita, wataona wenyewe. Kweli naamini itapita. Mtu hawezi kufanya kitu vizuri miaka ishirini na sita kikamtoka kwa wiki tatu.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Kishindo amepona. Amelala kucha bila kukohoa, kifua chepesi kama cha njiwa. Kopo nimelifunga, nimeliweka juu ya kabati. Na mvua nayo imepumzika, jua limetoka, nimefua jozi zote mbili za glavu na zimekauka mpaka zimekuwa ngumu kama mkate wa jana. Nimefurahi peke yangu nikasahau mengine yote.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Wamemtoa Baba tanurini.

Ilikuwa hivi. Saa mbili Msimamizi aliingia na kijana mwenye kipimo kipya cha joto kwenye sanduku, kimefungwa kama kioo cha saa. Ana vyeti. Tayari wamembatiza jina, wanamwita Kipimo. Ni kijana mwenye adabu. Alimwamkia Baba shikamoo mara mbili, ya pili kwa sababu ya kwanza haikujibiwa. Msimamizi akasema, "Mzee, hebu pumzika kidogo na joto hili. Utakaa kule kwenye kuosha vikombe. Kuna kiti."

Hilo neno la kiti ndilo lililoniuma. Baba hajawahi kuomba kiti.

Alimwonyesha Kipimo kila kitu. Valvu ipi inakwama, mlango upi unataka kupigwa goti, wapi usisimame ukitaka nyusi zako zibaki. Alisema yote kwa upole, kisha akaenda kuosha vikombe vya chuma kwenye beseni, mikono ndani ya maji mpaka viwiko. Nilipaka pete zangu sioni mbele. Glavu zilikuwa safi, angalau hilo.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Pete arobaini. Haikuvuja hata moja.

Walipiga makofi. Kipimo aliona haya, akasema, "Ni kipimo tu, si mimi." Msimamizi akasema kwa sauti ya kusikika kule kwenye beseni, "Mnaona sasa?"

Na Baba alikuja, mikono inatiririka maji, akachukua pete moja akaigeuza kwenye mwanga. Akamwambia kijana, "Safi. Safi kabisa." Akamshika bega. Kisha akarudi kwenye vikombe vyake, na njiani alipita karibu na meza yangu, akaniambia kama anayenipa habari ya mtu mwingine, "Kumbe kweli, Mama Kishindo."

Hata mimi niliamini. Mungu anisamehe, niliona arobaini nzima nikaamini.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Hakuna inayovuja.

Jumatano, tarehe 16 Aprili

Asubuhi Baba aliniita jikoni. "Hebu nitazamie, chai imechemka?" Ilikuwa inachemka inamwagika jikoni. Alikuwa amesimama mbele yake.

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Ameacha kumbeba Kishindo kwenye ngazi. Anasema asije akakosea kidato. Ngazi zenyewe ni tatu. Mtoto anamnyooshea mikono, anasema "Babu lori, Babu lori," na Baba anampita akishika ukuta, yule yule aliyekuwa anapita kati ya matanuri mawili yaliyowaka akiwa amebeba trei kila mkono.

Na leo alilishika shati lake akaniuliza ni la bluu au la kijani. Ni la bluu. Ameishi nalo miaka. Macho yake hayajabadilika tangu mwezi wa pili, najua, maana aliokota sindano yangu sakafuni bila kuitafuta, mwenyewe hakujua kwamba ameiona. Anaona. Ameacha tu kuyaamini. Nilimpigia simu Baba Kishindo nikamweleza. Akasema, "Mzee amechoka, mwache apumzike." Mtandao ukakatika, au alikata.

Jumatatu, tarehe 21 Aprili

Mvua imerudi na hasira zake.

Jumanne, tarehe 22 Aprili

Kikohozi kimerudi. Kopo nimelishusha.

Alhamisi, tarehe 24 Aprili

Pete nne zimevuja. Msimamizi akaziangalia, akatazama nje dirishani, akasema, "Unyevu huu." Akampigapiga Kipimo mgongoni. "Usijali, ni mvua."

Kwa kijana ni mvua. Kwa Baba ilikuwa macho.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Nimekaa muda mrefu na kalamu mkononi. Nitaandika kama lilivyotokea.

Mchana nilikuwa napaka. Taa ya meza yangu wameibadilisha wiki hii, ina mwanga mkali wa ubavuni. Nikapitisha brashi kwenye pete, rangi ikalala vizuri, kisha mahali pamoja nikaiona inarudi nyuma. Ilirudi yenyewe, kama maji yanavyokimbia mafuta kwenye sufuria. Ikaacha doa dogo jeupe. Nikalipaka tena, likafunikika, nikadhani ni macho yangu. Pete iliyofuata vilevile. Nikaishika ile ya tatu kabla ya kuipaka, nikaipulizia pumzi kama unavyopulizia kioo, na ukungu ulipotanda ukabakiza alama moja haina ukungu. Ilikuwa alama ya kidole gumba.

Nikautazama mkono wangu. Glavu nyeupe. Juzi nilikuwa nimeigeuza.

Nikaileta puani, na ile harufu ikaingia mpaka machozi.

Asubuhi na jioni namchua mwanangu kifuani. Nanawa kwa sabuni, ndiyo, lakini dawa ile haitoki, inabaki kwenye mistari ya ngozi, nikishika mkate mkate unanukia. Navaa glavu, inanywa mafuta ya mikono yangu kwa ndani. Baada ya siku mbili naigeuza, ule upande wa ndani unakuwa wa nje, na upande huo ndio unaoshika kauri. Rangi inakimbia. Natia rangi juu ya doa, linaonekana zuri. Likichomwa ngozi ya chuma haijashika pale, na waya ukiyeyuka unafika pale unakuta hakuna pa kushika. Unapita juu. Kama ulimi uliogusa ukaghairi.

Nimerudi kwenye kurasa zangu nyuma. Kikohozi tarehe 12, pete tarehe 17. Kopo nililifunga tarehe 7, tarehe 10 hakuna inayovuja. Nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wangu na sikuyaona.

Jumatatu, tarehe 28 Aprili

Nimefanya jaribio nisije nikajisingizia. Nilipaka pete mbili. Moja kwa glavu iliyofuliwa na kupigwa pasi mpaka ikakauka, nyingine kwa ile iliyogeuzwa. Chini ya ile ya pili niliweka nukta ya penseli. Zimeingia tanuri moja, saa moja, kipimo kile kile kipya, kijana yule yule mwenye vyeti.

Ya kwanza mshale haukutikisika. Ya nukta ulipanda mpaka mwisho.

Waliitupa kwenye ndoo. Niliiokota wakati wa kufagia, na ile nzima nikaomba wanipe nionyeshe nyumbani. Wakacheka, wakanipa. Ziko kwenye mfuko wa gauni langu. Zikigongana zinalia kama vikombe vya watoto.

Jumanne, tarehe 29 Aprili

Kesho nitasema.

Jumatano, tarehe 30 Aprili

Sikusema.

Ijumaa, tarehe 2 Mei

Nilikwenda ofisini kwa Msimamizi. Nilikuwa nimepanga maneno kuanzia nyumbani, nayahesabu kwa hatua. Nilipoingia akainua kichwa akatabasamu, kitu ambacho hakifanyi.

"Nilitaka kukuita. Tangu Jumanne pete zako hazina doa hata moja, zote nimezitazama kwa lenzi. Nataka uwe kiongozi wa meza ya brashi. Uwafundishe hao wasichana wapya usafi."

Nikasema, "Bosi, kuna kitu kuhusu Baba."

"Najua, ni mkweo, inauma. Ndiyo maana tunamwondoa kwa heshima. Tarehe tisa tunamuaga, tutampa zawadi. Wewe usiwe na wasiwasi, wewe si yeye."

Vidole vyangu vilikuwa mfukoni vimezishika zile pete. Nilisikia mdomo wangu unasema, "Asante, bosi."

Nilitoka nikajificha nyuma ya pipa la gesi, nikalia mpaka nikakohoa kama mwanangu.

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Nimemwambia Dada wa Mizani. Nilimwonyesha pete mbili, nikamweleza. Akatazama mlangoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi pasiwe na mwingine. Sikiliza, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuambia ugeuze. Nina watatu nyumbani na wote wananitazama mimi. Ukisema, unaondoka wewe, naondoka mimi, na mzee hawamrudishi. Tanuri lina kipimo sasa, jicho la nani wanalitaka?"

"Sitaki wamrudishe. Nataka ajue."

"Ajue nini? Kwamba aliondolewa kwa ajili ya kikohozi cha mjukuu wake? Hiyo ndiyo zawadi?"

Alinishika mkono, kwa mkono ule ule unaopima unga ambao ukikohoa unapeperuka.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Mvua. Sikutoka.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Leo Baba amempa Kishindo miwani ya tanuri achezee. Ile ya bluu. Nimerudi nimemkuta mtoto ameivaa kichwa chini, ameketi sakafuni anaitazama taa, na kioo kimoja kimeshapata ufa.

"Baba, miwani yako."

"Haina kazi tena. Acha aone dunia ya bluu."

Nikaiokota, nikaifuta. Akasema bila kunitazama, "Unajua kinachonisumbua, Mama Kishindo? Si kutolewa. Mtu hutolewa. Kinachonisumbua ni kwamba nililiona. Mpaka leo nikifumba macho naliona chozi lile likizunguka pete nzima, halina pengo. Sasa kama lile halikuwepo, na nililiona, basi mengine yote niliyoyaona je? Mama yake mume wangu wewe, nilimwona anatabasamu siku ile ya mwisho hospitalini. Nimekaa na tabasamu lile miaka sita."

Alichanganya maneno hivyo hivyo, akasema mama yake mume wangu wewe, akimaanisha mke wake mwenyewe. Sikumsahihisha.

Lilikuwepo, Baba. Chozi lilizunguka. Lilifika mahali nilipokuwa nimeweka kidole changu, likafunika juu, wewe ukaliona zima kwa sababu kwa juu lilikuwa zima. Ningelisema pale pale. Lakini mtoto akaanza kulia anataka miwani yake.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Nimewafundisha wasichana wapya. Nimewaambia wasigeuze glavu kamwe, hata ndani kuwe kweupe kama maziwa. Mmoja akauliza kwa nini. Nikasema ni sheria.

Dada wa Mizani alikuwa anasikia. Hatukutazamana.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe. Saa nne watamwita mbele, watapiga makofi, watampa redio mpya iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Niliiona jana ofisini. Redio, maana redio haihitaji macho. Mtu aliyeichagua alidhani ni wema.

Bado ni mapema. Mvua imekatika, kuta zinatoa jasho. Kishindo amelala, sijamsikia akikohoa tangu juzi. Baba yuko jikoni, amevaa shati la bluu, ametaka kuwasha jiko la gesi mwenyewe siku ya leo. Naisikia njiti ya kiberiti inakwaruzwa, inazimika, inakwaruzwa nyingine.

Nimefikiri sana aliyoyasema Dada wa Mizani. Ana haki. Sitamtaja yeye, kugeuza ni mimi niliyegeuza. Kazi nitaikosa na sijui mwanangu atakula nini mwezi ujao. Na labda Baba hatanitazama tena, labda hatambeba Kishindo tena, safari hii kwa sababu yangu. Lakini mtu huyu anaogopa ngazi tatu. Anaomba aambiwe rangi ya shati lake. Ameanza kulitilia shaka hata tabasamu la mkewe. Nimekaa na dawa yake mfukoni siku kumi na moja na nikamwangalia anapapasa ukuta.

Pete ziko hapa mezani, ya nukta na isiyo na nukta. Nitaziweka mkononi mwake mbili kwa pamoja, nimpe lenzi, nimwombe atazame mwenyewe. Sitamweleza kwanza. Ataliona doa lile, najua ataliona, na akishaliona atajua kwamba anaona. Hilo ndilo tumaini nililobaki nalo. Mengine yaliyobaki ni giza.

Kiberiti kimewaka. Ananiita. "Mama Kishindo, hebu njoo unitazamie, moto huu ni wa bluu au wa njano?" Ngoja niandike kwanza neno la kuanzia, nisije nikalipoteza kati ya hapa na jikoni kama ofisini. Nitasema, Baba, tazama mwenyewe. Ni wa bluu na wewe unajua ni wa bluu, kwa sababu macho yako hayakuwa na kosa lolote, aliyekosea ni